Mpango wa Ujumuishi, Kurasa Arobaini na Moja

Jumatatu, 3 Machi
Hatimaye idara imetambua kuwa ina mtu. Mkurugenzi amenikabidhi kazi ya kuandika Mpango wa Ujumuishi Mahali pa Kazi. Chanzo: karani wa masjala, mwanamke asiyesikia ila husoma midomo, amelalamika kwa maandishi kwamba mikutano mitatu imempita naye akiwa ameketi ndani yake. Sharti: kufikia Ijumaa atie sahihi kuwa Mpango umemridhisha. Akitia, nathibitishwa kazini. Asipotia, naongezewa miezi mitatu ya majaribio. Jambo dogo. Nina shahada ya daraja la kwanza.

Jumanne, 4 Machi
Kurasa arobaini na moja, pamoja na utangulizi wa utangulizi. Tarishi, mzee aliyezoea kuchungulia maandishi ya wenzake, akaniuliza: sasa msomi, si umwulize mwenyewe anataka nini? Nikamfafanulia kuwa utafiti huanza na nadharia. Akataka kujua hiyo nadharia hunywa chai saa ngapi, maana karani yuko kantini saa nne kila siku. Nilimpuuza. Saa nne nikawaona wawili hao wakizungumza kwa mikono na kucheka. Miaka kumi na miwili ya kazi pamoja, na hawajaandika hata aya moja.

Jumatano, 5 Machi
Alfajiri nimejifunza lugha ya alama kutoka kijitabu, mbele ya kioo. Dada yangu, mwenye nyumba na mwenye kioo, akauliza mbu wameingilia wapi. Saa tatu nikamwendea karani na kumwambia kwa mikono, kwa ufasaha: nauheshimu mchango wako. Akanitazama kwa huruma, akanivutia kiti, akaniletea ndoo. Tarishi anadai nilisema nataka kutapika. Kijitabu kina makosa ya uchapaji.

Alhamisi, 6 Machi
Nimewasilisha Mpango mbele ya idara nzima. Saa nzima nikichora ubaoni mishale itokayo kwa mtumishi kwenda kwa mtumishi. Karani nilimweka mstari wa mbele, kwa heshima. Mwishoni akanipa kikaratasi: "Kisogo chako kimenyolewa vizuri. Mengine sikuyapata." Nikamshukuru.
Nyumbani dada alikisoma, akacheka mpaka akaketi chini. Mdogo wangu, akasema, umempa mtu kisogo saa nzima, halafu unamdai sahihi? Nikamjibu kuwa ubao hauandikwi kinyumenyume. Kesho natoa kiambatisho.

Ijumaa, 7 Machi
Kiambatisho: kurasa tisa. Karani hakukifungua. Alimpa mkurugenzi karatasi moja waliyoiandika na tarishi wakinywa chai: "Viti viwe duara. Anayesema aonekane uso. Wengine wasubiri zamu." Mkurugenzi akaamuru viti vigeuzwe palepale. Karani akaeleza kwa mikono jinsi mafaili yanavyopotea, tarishi akitafsiri, watu wakavunjika mbavu. Nakiri kichekesho cha ndoo alikisimulia vizuri mno. Kisha akatia sahihi. Kwenye karatasi ile.
Nimeongezewa miezi mitatu, nayo niitumikie masjalani, chini ya karani.
Sikati tamaa. Karatasi ile haina hata marejeo. Leo leo naanza toleo la pili, na sura ya kwanza tayari ina jina: "Umuhimu wa Kutazamana". Meza yangu mpya nimeigeuza ielekee ukutani, watu wasije wakanikatiza.