Sauti ya Bibi Eyitayo

Jumamosi, 9 Novemba

Harusi ya Ibidun. Siku yangu ya kumzima Taibatu! Yeye kaitwa kupiga picha, mimi video. Studio yake inatazamana na yangu, barabara moja hapa Ibadan, na wateja wote wanavukia kwake. Sababu siijui. Labda zile taa za mlangoni.

Nimekodi droni. Kamera inayoruka! Taibatu hana. Kumbe rimoti ya droni haina betri. Nikachomoa zile za kipaza sauti nilichombania bi harusi kifuani. Kuazima tu, kidogo. Droni ikapaa, hema zima likapiga kelele za furaha.

Ndipo Bibi Eyitayo, mzaa mama wa Ibidun, akainuka na mkongojo wake kumwombea mjukuu. Ibidun akapiga magoti. Kamera yangu kubwa ilikuwa kwenye stendi, inawarekodi yenyewe. Mimi macho angani.

Wakaanza kumtuza bi harusi, noti zinabandikwa kwenye paji la uso. Nikaishusha droni nipate picha ya karibu. Loo, upepo wake! Noti zikaruka, mashangazi wakazikimbiza, kilemba cha mama mkwe kikatua kwenye sufuria ya wali wa jollof. Nikaamriwa niondoe mdudu wangu. Taibatu hakucheka. Angecheka ingekuwa afadhali.

Jumatatu, 11 Novemba

Nahariri. Keki nzuri. Ngoma nzuri. Nikafika kwenye dua ya Bibi: mdomo unakwenda, sauti hakuna. Kimya kama samaki! Betri zile nilizochomoa kwenye kipaza sauti. Nikakaa nikiutazama mdomo ule kwa muda mrefu. Alikuwa anasema jambo zito, inaonekana. Ibidun analia, mashangazi wanalia, hata mpishi kasimama na mwiko wake.

Basi. Nimeweka muziki wa kinanda. Nimepunguza mwendo. Nimemwaga maua ya waridi kutoka kona ya juu. Nani husikiliza dua ya harusi mara ya pili? Hakuna.

Jumatano, 13 Novemba

Mama Ibidun kaja studio, kitambaa cheusi kichwani. Mama yake, Bibi Eyitayo, amefariki. Alikunywa uji asubuhi, akalala kidogo, hakuamka tena.

Nikampa pole. Nikampa kiti. Akasema video ya keki haitaki, ya ngoma haitaki. Anataka ile dua. Ibidun hali, hanywi, anasema angalau atamsikia Bibi. Familia inakutana Ijumaa. Akaniuliza: “Lamidi mwanangu, sauti imetoka vizuri?”

Nikajibu imetoka safi, kama kengele.

Kwa nini nilisema hivyo? Mdomo wangu una mwenyewe, na mwenyewe si mimi.

Alhamisi, 14 Novemba

Nimepata njia! Mama Risi, muuza pilipili wa sokoni. Umri ule ule, sauti ile ile ya kukwaruza. Nikamweka ndani, nikamfunika blanketi ili kelele za barabarani zisiingie, nikamwonyesha mdomo wa Bibi kwenye kompyuta. Akaomba kwa nguvu zote. Akaomba mafuta ya gari yashuke bei. Akamlaani mwenye nyumba wake. Nikamwambia amwombee bi harusi, akaanza upya. Nimekata, nimeunga, nimevuta hapa na pale. Midomo inalingana, karibu.

Taibatu akagonga mlango. Akauliza nani anaugua humo ndani, mbona mtu analia chini ya blanketi. Nikamwambia ashughulike na fremu zake. Akasema, “Kaka Lamidi, ile dua ya Bibi, mimi siku ile...” Nikafunga mlango. Ananionea wivu, tangu siku ya droni.

Ijumaa, 15 Novemba

Nimetoka nyumbani kwa Mama Ibidun.

Sebule ilijaa. Nikawasha. Bibi Eyitayo akainuka kwenye televisheni, sauti ikatoka. Mama Ibidun akashika kifua. Ibidun akafumba macho. Nikajiambia: Lamidi, wewe ni fundi!

Kisha Ibidun akafumbua macho. Mzee mmoja, kaka wa marehemu, akakohoa. “Huyu dada yangu lini alijifunza Kiyoruba cha watu wa Ibadan?” Nikaganda. Bibi Eyitayo alikuwa mtu wa Ekiti. Maisha yake yote alisema Kiekiti, lahaja nyingine ya Kiyoruba, watoto wa mtaa walikuwa wakimwiga. Mimi mwenyewe nilimwiga!

Nikanyoosha mkono nizime. Nikachelewa. Kutoka televisheni, Mama Risi akamalizia kwa shangwe: “Na Mungu akuletee wateja wengi!”

Hakuna aliyecheka. Mama Ibidun hakunipigia kelele pia. Alinigeukia taratibu. “Lamidi. Umemweka nani mdomoni mwa mama yangu?”

Nilitazama viatu vyangu.

Ndipo Taibatu, aliyekuja kutoa pole, akasimama kule nyuma na simu yake. Siku ya harusi aliirekodi ile dua, kwa sababu aliipenda tu. Picha inacheza, kuna bega la mtu mbele. Lakini sauti! Ya Bibi mwenyewe, Kiekiti kitupu, anamwambia mjukuu: “Umenipigia magoti, sasa inuka. Nyumbani kwako usipige magoti kwa kuogopa. Ukichoka, njoo, kitanda changu kipana.”

Ibidun akalia kilio ambacho sijawahi kukirekodi. Nikatoka nje, nikasimama karibu na jenereta ili nisisikike, nikalia nami. Nilikuwepo pale! Hatua chache tu kutoka kwake, natazama mbingu.

Mama Ibidun akanifuata na sahani ya viazi vikuu vilivyopondwa, na nyama. Akasema nile. Angenipiga nayo ningepona haraka.

Jumapili, 17 Novemba

Nimevuka barabara kumwomba Taibatu radhi. Anasafisha lenzi. Akasema Alhamisi alikuja kunipa ile sauti, nikamfungia mlango. Nikasema najua. Akasema, “Haya, kaka. Kunywa maji.” Nimekunywa.

Nimeapa. Kuanzia leo, ukweli mtupu. Kamera chini, macho kwa watu.

Jumanne, 19 Novemba

Kaja mwalimu mmoja, Bwana Durojaiye. Ana video ya harusi yake, fundi mwingine aliirekodi. Hotuba ya baba yake haina sauti hata chembe, na baba amekwisha fariki. Akaniuliza kwa upole kama sauti iliyopotea inaweza kurudishwa.

Haiwezi. Najua haiwezi. Nikafungua kinywa nimwambie, ukweli umeshafika kwenye meno. Nikamtazama. Macho yake yalikuwa kama ya Mama Ibidun.

Nikamuuliza jambo moja tu: marehemu alikuwa mtu wa wapi?

Ogbomosho.

Mungu mkubwa! Fundi matairi wa hapo kona ni mtu wa Ogbomosho, kazaliwa huko, na sauti anayo, nzito kabisa. Kosa langu lilikuwa lahaja, si jingine! Anakuja kesho. Nimeshamwonya: asitaje matairi.