Ngome ya Kale Niliyoijenga Wiki Hii

Jumatatu, 6 Mei

Habari mbaya. Ofisi ya barabara imeleta ujumbe: Jumamosi mkaguzi atapanda mlimani kuitazama barabara yetu. Tangu ile mpya ya bondeni ifunguliwe, magari yanayopita hapa kwa wiki yangeenea yote uani kwangu, na kuku bado wakapata pa kuchakura. Mkaguzi asipoona sababu ya kuitunza, kizuizi kitawekwa kule chini, na mgahawa wangu wa chai utakuwa umekwisha. Binti yangu ameshanitayarishia chumba mjini. Nimekiona. Dirisha lake linatazama ukuta wa jirani. Ukuta wenyewe haujapakwa hata rangi!

Dirisha langu la hapa linatazama barabara nzima, inavyoteremka kona baada ya kona mpaka inapomezwa na ukungu. Marehemu mke wangu alikuwa akisimama papo hapo. Akisikia lori likiunguruma kule kwenye maporomoko ya maji, anajua ni la nani, na birika linapanda motoni. Lori likifika, chai iko mezani, na sukari ni kiasi kile kile akipendacho dereva.

Siendi mjini. Lazima barabara hii ipate historia kabla ya Jumamosi.

Jumanne, 7 Mei

Nimepata! Ngome. Watu hupenda ngome. Hatuna, lakini mawe tunayo. Mbele ya mgahawa, hapa kileleni, kuna rundo la mawe ya matairi. Zamani kila utingo aliyepanda mlima huu alibeba jiwe lake. Lori likizidiwa na mwinuko, utingo huruka chini na kulisukuma jiwe nyuma ya gurudumu, lori lisirudi nyuma. Mkifika kileleni salama, jiwe hutupwa kwenye rundo, dereva hupiga honi, na kila mtu anapumua. Sawa. Lakini nani atapanda mlima kuja kutazama mawe yenye grisi?

Mengine nimeyatupa mimi mwenyewe. Nilikuwa utingo wa dereva tuliyemwita Breki, mpaka siku niliposhuka kwenye lori lake kunywa chai nikakataa kupanda tena. Nilikuwa nimeshamwona mwenye birika. Breki anadai alitabasamiwa yeye kwanza. Alipostaafu akajenga ng'ambo ya barabara, makusudi, ili anikere kila asubuhi. Leo amevuka na fimbo yake, akauliza nabomoa nini. Nikamwambia ni kazi ya kitaalamu, haimhusu. Akasema utingo ni utingo tu hata akiota mvi, na kwamba jiwe ninalohitaji ni la kuzuia ulimi.

Jumatano, 8 Mei

Mgongo! Ukuta umenifika kiunoni. Nimesimamisha na kibao: NGOME YA MALKIA ALIYEKATAA KUSHUKA. Breki amekisoma kwa sauti, polepole, kama hakimu anayesoma hukumu. Akauliza malkia huyo alipandaje huku kabla ya barabara. Nikasema alibebwa. Akataka kujua utingo wake alikuwa nani.

Jiwe moja limenichelewesha. Lina kovu la mnyororo, nami nalijua kovu hilo. Ilikuwa Kona ya Mama Mkwe. Madereva waliiita hivyo kwa sababu huingii pale bila kupunguza mwendo na kuinamisha kichwa. Lori lilikuwa limejaa saruji, mvua inanyesha, maporomoko yanapiga kioo. Breki anapiga kelele niweke jiwe, nami nimeshaliweka, nimelikumbatia, namwomba Mungu. Tulipofika juu, Breki alikunywa chai kikombe baada ya kikombe. Mwenye birika alitupa taulo moja kwa watu wawili, tukaligombania.

Nimelikalia jiwe lile mpaka ukungu ukanifikia miguuni. Kisha nikalitia ukutani. Kazi ni kazi.

Alhamisi, 9 Mei

Mawe hayatoshi, na ngome bila mnara ni zizi. Nimechukua na mafiga ya jiko la zamani. Mke wangu aliyachagua mwenyewe kwenye rundo. Alisema jiwe lililozuia lori halitashindwa na birika. Nilisita mlangoni. Nikasema kwa sauti: mama watoto, ni kwa ajili ya mgahawa wako. Hakujibu. Nikahesabu amekubali.

Tatizo ni harufu. Ngome ya kale hainuki dizeli. Nimekumbuka kusikia kwamba maziwa ya mgando huyafanya mawe yaote kuvu ya kijani na kuonekana ya karne nyingi. Nimepaka ndoo nzima. Akili!

Ijumaa, 10 Mei

Kuvu haijaota. Nzi wamekuja, nadhani wote wa mlima huu na wageni wao. Kisha wakaja mbuzi wa Breki, wakamlamba malkia mpaka kwenye mnara. Nilipowafukuza, Breki aliniita kutoka ng'ambo niwaache, wanafanya ukaguzi.

Jioni binti yangu amefika na sanduku tupu la nguo zangu. Amejiandaa, yule! Akaenda jikoni, akarudi, akauliza yako wapi mafiga ya mama. Nikamjibu yapo, yamepandishwa cheo. Hakucheka. Alisimama dirishani, mahali pale pale pa mama yake, akitazama barabara ambayo haikuwa na gari hata moja.

Jumamosi, 11 Mei

Mkaguzi ni mwanamke mwenye mabuti na mkoba mzito. Sikumpa hata nafasi ya kukaa. Nikamweleza habari za malkia, vita, kuzingirwa, na jinsi alivyokataa kushuka. Alinisikiliza kwa adabu zote, huku akipunga nzi. Nilipomaliza akasema: sawa, mzee wangu, lakini rundo liko wapi?

Nikauliza rundo gani. Akasema la mawe ya matairi. Marehemu baba yake alikuwa utingo. Safari yake ya mwisho lori lilichukuliwa na dereva mwingine chini ya Kona ya Mama Mkwe, yeye akashushwa kabla ya kufika kileleni, na jiwe lake likabaki nyumbani, likizuia mlango. Amelala kwa hadithi za jiwe hilo utoto wake wote. Ndiyo sababu aliomba kazi hii ya ukaguzi. Akafungua mkoba, akalitoa. Jeusi, lenye grisi, kubwa kama kichwa cha mtoto. Alitaka kulifikisha juu.

Nilitazama viatu vyangu. Binti yangu alinitazama mimi.

Breki akavuka barabara, amevaa kofia yake ya udereva. Nikajua nimekwisha. Akasema: mwanangu, rundo lipo, ila utingo wangu amelisimamisha wima. Akamshika mkono, akamwonyesha ukutani lile jiwe lenye kovu. Akamhadithia mvua na saruji. Akasema kama si huyu mpumbavu, yeye angekuwa bado anashuka mpaka leo. Miaka yote hii hajawahi kuniambia neno hilo! Nikajifanya nafukuza nzi.

Mkaguzi akacheka, kisha akatafuta leso. Akasema kizuizi hakiwekwi: barabara yenye kumbukumbu yake haifungwi, na ataiandika hivyo. Kwa sharti moja. Ukuta ubomolewe, rundo lirudi kama lilivyokuwa, Breki asimamie. Breki! Kisha akaliweka jiwe la baba yake chini, mahali pa rundo. Breki akaenda kwenye lori lake bovu uani, akapiga honi. Bado inalia.

Jumapili, 12 Mei

Binti yangu ameondoka na sanduku lake, tupu kama lilivyokuja. Kabla ya kuondoka aliyarudisha mafiga jikoni kwa mikono yake, akawasha moto, akatupikia chai. Ilinukia moshi kama zamani, na maziwa ya mgando kidogo. Breki alimaliza kikombe, akaomba kingine. Nilimwekea sukari kiasi kile kile.

Mchana kutwa amekaa kwenye kiti katikati ya barabara, akitoa amri: utingo, kushoto, utingo, jiwe halitupwi hivyo. Nimefanya kazi kwa unyenyekevu. Nimefikiri pia. Wageni watakuja kuona mawe haya, na rundo letu si kubwa sana. Lakini kijitoni kumejaa mawe ambayo hayajazuia hata baiskeli. Grisi kidogo, kovu moja la mnyororo kwa nyundo, nani atajua?

Breki ana kopo la grisi uani. Alipopitiwa na usingizi kitini nimeliazima. Jiwe la kwanza limetoka zuri kabisa. Nimeliwekea na kibao chake: JIWE LA UTINGO WA MALKIA.