Risasi Ndani ya Injini ya Kapteni

Jumatatu, 8 Machi 1976

Siku njema! Fundi mkuu wa gereji yetu ya Nsambya ametorokea Nairobi bila kuaga. Kiti chake kiko wazi. Kapteni, ambaye gereji ni yake tangu Wahindi walipofukuzwa akagawiwa, ametangaza kwamba Jumamosi lori lake linakwenda Arua. Atakayemwambia ukweli kuhusu injini ndiye fundi mkuu. Atakayekosea atapanda naye hadi Arua. Kurudi hakukutaja.

Tuko wawili: mimi Mansur, karani wa stoo ya oili, na fundi Ongom. Ongom anagusisha bisibisi kwenye injini, mpini sikioni, anafumba macho kama anasikiliza redio. Ametangaza kwamba injini haina neno. Ujinga! Mimi nina sayansi. Nimechota oili ya lori, nikaitia kwenye chupa ya dawa ya kikohozi ya mke wangu Hajara. Dawa nilimwaga. Hajara hajajua.

Jumanne, 9 Machi

Hajara amejua. Amekohoa kwa makusudi wakati wote wa chakula.

Chupa nimempelekea binamu yangu Uthman, mtu wa maabara. Ana mashine inayochoma oili na kuonyesha madini yaliyomo. Vyuma vikisagana, unga wake huingia kwenye oili. Ukijua ni unga gani, unajua kipi kinaliwa, na injini hujaifungua! Nimeanza kujiita fundi mkuu kimoyomoyo.

Alhamisi, 11 Machi

Majibu! Yako kwa Kiingereza, nimetafsiri mwenyewe. Chuma, kidogo. Shaba, nyingi. Risasi, nyingi kupita zote! Na beringi za krenki, ule mhimili mkuu wa injini, hutengenezwa kwa shaba na kupakwa risasi juu. Kwa hiyo zinakufa. Ongom amekwisha!

Uthman, ambaye furaha ya mtu humuuma, akanionya nisiitazame risasi kabisa. Eti petroli yenyewe hutiwa risasi, kila injini ya petroli lazima itakuwa nayo. Nitazame shaba, halafu nichote oili mara ya pili nilinganishe. Nilinganishe, na lori linaondoka keshokutwa? Isitoshe, shaba ni neno la masufuria. Risasi ina uzito.

Nimeandika ripoti kwa Kiswahili cha babu yangu wa Pangani, si hiki cha kuokoteza kambini. "Mheshimiwa Kapteni, ndani ya injini yako mna risasi nyingi. Usipochukua hatua, hutafika Arua." Tamu! Nimempa dereva Cleopas aipeleke.

Ijumaa, 12 Machi

Balaa! Nilikuwa natia udhu, askari wakajaa gerejini. Nikakalishwa chini, viatu mkononi. Sajini akataka kujua nani ametia risasi kwenye gari ya afande, za bunduki gani, na nani amenituma. Nikamweleza kwamba risasi ni madini, ya kijivu, laini. Akajibu kwamba yeye anaijua risasi, moja iko pajani mwake mpaka leo, na si laini.

Cleopas akalia mbele yao: "Mimi napeleka balua tu, ssebo, bwana wangu! Lisasi mimi sijui!" Nikamsahihisha kwamba ni barua, na ni risasi. Sajini akanizaba kibao.

Niliogopa. Niliogopa hata nikamsahau Ongom, nikawa namuwaza Hajara tu, na dawa yake niliyoimwaga.

Ongom akaamriwa afungue injini yote, risasi zitafutwe. Wakachuja oili kwa kitambaa. Hakuna. Wakapekua mpaka kwenye silinda. Hakuna! Sajini akaanza kunitazama vibaya. Ndipo Ongom akatoa beringi ya krenki, akaigeuza mkononi. Upako wa kijivu wa juu wote umeliwa, shaba inang'aa wazi. Angeweza kuitia mfukoni na kunyamaza. Akawaambia askari kwamba yeye alikosea, na kwamba krenki ingekatikia njiani, Karuma, Kapteni akabaki porini na simba. Sikuyatarajia hayo kwa Ongom. Nilitaka kumkumbatia, ila nilikuwa bado nimeshika viatu.

Jumapili, 14 Machi

Fundi mkuu! Kapteni mwenyewe amenipa mkono. Safari imeahirishwa, Ongom amesamehewa kwa kusema kweli, sasa yuko chini yangu. Amri moja tu: nisiandike tena neno risasi maisha yangu yote. Hajara amepika pilau na hakukohoa hata mara moja. Uthman ameuliza kama nimewaambia kwamba ni shaba iliyotuokoa. Nimemjibu kwamba ushindi una baba mmoja, naye ni risasi.

Jumatano, 17 Machi

Sifa zangu zimefika mbali. Nimepewa oili ya jenereta ya mesi, bwalo la maofisa lililo chini ya Meja mmoja, na majibu yamekuja. Beringi zake zimepakwa madini ya fedha, nayo sasa inatoka. Uthman amenisihi niandike tu kwamba beringi zimechakaa. Kwa nini nikatae neno zuri la Kiswahili? Mimi si mtu wa kurudia kosa. Nimeikagua ripoti nzima, haina risasi hata moja.

"Mheshimiwa Meja, katika mesi yako fedha nyingi inavuja kila siku. Ushahidi ninao."

Cleopas ameipeleka asubuhi. Sasa hivi nasikia magari yanafunga breki nje, mengi kuliko ya Ijumaa. Nimevaa shati jeupe, labda watataka picha.