Mlio wa Gia ya Tatu

Jumatatu, 3 Machi

Limetoka! Toleo la mashindano la lile gari jipya la michezo. Picha sita tu, asubuhi na mapema, na kundi letu la wapenda magari limewaka moto kwenye simu. Bawa la nyuma pana kama meza ya kupigia pasi. Redio hakuna. Kiti cha abiria kimeng'olewa. Raha tupu!

Mama Mwenyekiti, mwalimu mkuu mstaafu, ameandika kwamba machozi yamemtoka. Daktari wa Meno ameandika kwamba bawa limelala nyuzi mbili zaidi ya inavyotakiwa. Watu arobaini na saba wamemsifu. Nyuzi mbili! Kazipimaje kwenye picha? Mimi nimeandika "Gari zuri." Kimya.

Kubwa zaidi: Jumamosi gari lenyewe litaonyeshwa mjini, na mwanachama mmoja ataruhusiwa kukaa ndani dakika tano. Mama Mwenyekiti atamteua aliyechangia vizuri kuliko wote. Lazima niwe mimi. Mimi ni mwalimu wa udereva. Miaka kumi na mmoja naendeshwa kilomita ishirini kwa saa. Leo mwanafunzi kagonga pipa la taka. Pipa lilikuwa limesimama. Na sisi pia, karibu tusimame.

Jumanne, 4 Machi

Wote wanataka kitu kimoja: kusikia injini. Kampuni imegoma kuutoa mlio wake. Nilikuwa nawaza hayo mezani, chai mkononi, mke wangu akishona chumba cha pili. Ni fundi nguo, na ana oda ya sare thelathini za wauguzi, mwisho Jumamosi. Cherehani yake ya umeme ikavuma. Nikaweka kikombe chini.

Alipotoka kununua vifungo, nikaingia. Simu ndani ya ndoo, ndoo chini ya meza, mguu kwenye kanyagio. Nikapandisha, nikaachia, nikapandisha tena. Gia tatu! Kwenye ya tatu kitu kikasema "tkrr" na harufu ya kuungua ikatoka. Nimeichukulia kama dalili ya nguvu.

Rekodi nimeitupia kwenye kundi: kutoka kwa mtu wangu wa kiwandani, msiniulize jina.

Jumatano, 5 Machi

Ushindi! Mmoja kasema nywele zimemsimama. Mwingine kamsikilizisha mama yake mzazi, na mama kaomba arudie. Wamegombana tangu alfajiri kama ni silinda sita au nane. Wawili hawasemeshani tena. Daktari wa Meno kaandika kurasa tatu. Kagundua mtetemo mdogo kwenye gia ya tatu. Mtu huyu ananikera hata anapokuwa sahihi.

Saa sita mchana Mama Mwenyekiti akatangaza: kiti ni changu.

Nyumbani si shwari. Cherehani inaruka mishono, sindano imevunjika, na mota inanuka. Mke wangu kaniuliza kama nimeigusa. Nikasema labda ni umeme. Akachukua sindano ya mkono.

Ijumaa, 7 Machi

Siku mbili mke wangu anashona kwa mkono. Vidole vimemvimba. Leo roho ikanisuta, nikajitolea kupinda mikono ya sare. Nilifanya kazi safi sana. Ila mikono miwili nimeiziba kabisa. Muuguzi atavaa atoe mkono wapi? Mke wangu akacheka, basi nikadhani yameisha. Kisha akasema, akiwa anafumua uzi wangu, kwamba cherehani ile kaishi nayo miaka tisa, na hata ikilia katikati ya soko ataitambua.

Nikamsifia ushonaji wake. Nikaenda kulala mapema.

Jumamosi, 8 Machi

Maji yamezidi unga.

Mke wangu alikuwa anapeleka sare kumi na tisa zilizokamilika, akasema njia ni moja, twende wote. Sababu ya kukataa sikuwa nayo. Ukumbi umejaa. Gari linang'aa. Mama Mwenyekiti akanishika bega mbele ya watu wote, akaagiza, kwa heshima yangu, ule mlio upigwe kwenye spika kubwa.

Mke wangu akaweka furushi chini.

"Hiyo ni cherehani yangu!"

Nikatoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Aliyenitetea ni Daktari wa Meno! Akamwambia, "Shemeji, haiwezekani. Mimi nimesikia silinda sita."

"Rudisheni nyuma," mke wangu akasema. "Sikiliza hapo, daktari. Tkrr. Hapo ndipo sindano ilipovunjika."

Wakarudia. Daktari akafumba macho. Akatikisa kichwa polepole. "Gia ya tatu," akasema, kama mtu aliyefiwa.

Mama Mwenyekiti hakupaza sauti. Alinielekeza tu kwa kidole nikasimame pembeni, nami nikaenda, nikaweka na mikono nyuma. Akasema kiti apewe mwenye masikio makali kuliko wote humu. Mke wangu akaingia garini na furushi lake mapajani. Dakika tano nzima! Alipotoka akamwambia meneja wa maonyesho kwamba mshono wa kiti umekwenda upande. Meneja akapiga magoti, akachungulia, akaomba namba yake ya simu.

Kisha wakawasha injini yenyewe. Watu wakasikiliza. Nyuma mtu akanong'ona kwamba cherehani ilikuwa na roho zaidi.

Tukaenda kupeleka sare. Furushi nimelibeba mimi.

Jumapili, 9 Machi

Nimefukuzwa kundini. Cherehani iko kwa fundi hadi Jumatano. Wauguzi wametuongezea siku tatu, nami nimeshona tangu asubuhi, mikono yote ikiwa wazi. Mke wangu kasema hataki zawadi wala kuombwa radhi. Anataka wiki moja tu bila uongo, kuanzia Jumatatu. Nimekubali kwa moyo mweupe.

Ila leo ni Jumapili, na ndiyo kwanza saa kumi jioni. Nimejiunga upya na kundi kwa jina la Dada Breki, dereva wa majaribio kutoka nchi ya theluji. Daktari wa Meno ndiye wa kwanza kunikaribisha. Kauliza, kwa adabu ambayo sijawahi kuiona kwake, gari linashikaje kwenye kona.

Nimemwambia avute subira, naandika kurasa nne.