Kapteni Atazikwa Jumamosi

"Inatangazwa kwa masikitiko makubwa, na kwa idhini kamili ya Kamati Tekelezi, kwamba Kapteni Dalmas, mhusika mkuu wa tamthilia ya televisheni ya Kapteni wa Takawiri, amefariki dunia. Atazikwa Jumamosi ufuoni Kisegi. Wananchi wote mnaalikwa. Kutakuwa na mahema. Tangazo hili limetolewa na Mamlaka ya Furaha na Utalii wa Ziwa."

Tangazo lilisomwa redioni baada ya bei ya omena, dagaa wa ziwani, na kabla ya mahubiri, mahali pake panapostahili. Chrispine Owuor alilisikia akiwa kwa kinyozi mjini Migori, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado. Kinyozi alizima mashine.

"Si huyo Kapteni ni wewe?"

"Ni mimi."

"Ai. Pole sana."

"Asante," Chrispine akajibu, maana alilelewa vizuri.

Kinyozi alimalizia ile nusu nyingine polepole, kama anayemwosha maiti, na alipopewa pesa akarudi nyuma hatua nzima. "Hapana, omera. Ya marehemu mimi sichukui. Enda tu."

Ni vizuri ieleweke kwamba Mamlaka haikukurupuka. Tamthilia ilikuwa mradi mkubwa. Kapteni angevusha watu ziwani, angepigana na wezi wa nyavu, angependwa na msichana wa kisiwa cha Takawiri, na watalii wangemiminika kutoka Ulaya kuja kuona alipopendewa. Vipindi vinne vilionyeshwa. Cha nne kiliisha Kapteni akianguka majini kwenye dhoruba, na kilichofuata kingemtoa. Hakikufuata. Kituo cha televisheni kiligundua kwamba watazamaji wote walikuwa jamaa za waigizaji, na hata hao si wote. Basi tangu mwaka jana Kapteni alikuwa majini, na Chrispine alikuwa Migori, na ni vigumu kusema nani kati yao alikuwa amezama zaidi.

Lakini mwezi huo mambo yalikuwa yameanza kumnyookea. Mtayarishaji mmoja anayeitwa Liz alikuwa analeta tamthilia mpya, ya zahanati ya kijijini, ipigwe picha kule Uriri. Daktari wa zahanati angekuwa Chrispine. Kazi ianze Jumatatu baada ya hiyo Jumamosi ya mazishi.

Kabla hajafika mlangoni pa kinyozi, simu ililia. Ni Liz.

"Chris, nimesikia redio. Mimi binafsi sina shida na wewe."

"Sasa shida iko wapi?"

"Iko kwa mtazamaji. Mtu azikwe Jumamosi mbele ya umati, Jumatatu nimwonyeshe akipima watu presha? Hawa watu wetu unawajua. Watakimbia kutoka zahanati ambayo iko ndani ya televisheni."

"Liz, mimi siko kaburini. Naongea na wewe."

"Wazuie basi. Wakikuzika, nafasi nampa Elvis. Elvis hajui kuigiza, lakini hakuna mtu anabishana kama yuko hai."

Chrispine alipanda gari la Homa Bay siku hiyo hiyo, nywele za kinyozi zikimwasha shingoni.

Ofisi za Mamlaka zilikuwa ghorofa ya pili, mlango wenye picha ya kiboko anayetabasamu. Katibu, dada aitwaye Irine, alimtazama bila kushtuka. Katika ofisi hiyo alikuwa ameona makubwa zaidi.

"Umetumwa na familia ya marehemu?"

"Marehemu ndiye mimi."

"Kitambulisho?"

Akamwonyesha. Irine akasoma, akamrudishia. "Sawa. Mkurugenzi atakuona. Lakini usikae sana, ana huzuni."

Mkurugenzi Mkuu alikuwa Daktari Cephas Odera, daktari wa karatasi, si wa sindano. Alikuwa mtu wa Kisegi, kijana wa nyumbani, na kila mtu alijua atagombea ubunge. Mwenyewe alisema wananchi ndio wanaomwomba. Wananchi walikuwa bado hawajaarifiwa. Huzuni yake ilikuwa na chai na maandazi mezani.

"Kijana wangu! Tumekupoteza," alisema, akasimama kumpa mkono.

"Daktari, mnanizika kwa nini?"

"Keti. Nitakueleza kitaalamu." Odera alifuta makombo mdomoni. "Katika mpango mkakati wa Mamlaka hii hakuna neno kushindwa. Nimelitafuta mwenyewe, halipo. Sasa, tamthilia ikifa kwa kukosa watazamaji, hiyo ni kushindwa, na mimi nitaulizwa maswali. Lakini mhusika akifa, hiyo ni msiba. Sisi ni wafiwa. Umewahi kuona mfiwa anaulizwa maswali?"

Chrispine alifikiri kwa haki. "Hapana."

"Anapikiwa chai!"

"Si mniokoe tu? Nitoke majini, mmalize tamthilia vizuri."

"Kukuokoa kunahitaji boti, kamera na kipindi kizima. Kukuzika kunahitaji mahema, na mahema tunayo. Halafu fikiria hadhira. Kapteni akiwa hai, ni wangapi walimwangalia?"

"Wachache."

"Akizikwa?"

Chrispine aliijua hesabu hiyo. Kwao, hata adui akizikwa watu hujaa.

"Na chakula kitakuwepo," Odera akaongeza kwa upole. "Hiyo tunaiita upanuzi wa hadhira."

"Na mwili, Daktari? Mtazika nini?"

Hapo Mkurugenzi alitabasamu kuliko hata yule kiboko wa mlangoni. "Kapteni alipotea ziwani. Sisi ni Wajaluo, tunajua mtu akipotea ziwani anazikwaje. Tutazika yago."

Yago ni lile tunda refu, zito, linaloning'inia mtini kama mkono wa mtu aliyelala. Maji yakimchukua mtu na mwili usionekane, tunda hilo ndilo linalolazwa kaburini badala yake, na wazee hawalichezei.

"Na udongo wa kwanza nitautia mimi mwenyewe," Odera alisema. "Utamaduni na ubunifu. Wafadhili wanapenda sana."

"Lakini yago ni ya mtu amekufa kweli."

"Kapteni amekufa kweli."

"Kapteni ndiye mimi!"

"Wewe ni mwigizaji, Chrispine. Jifunze kutenganisha kazi na maisha. Hapo ndipo vijana mnaharibikiwa." Alimsindikiza mpaka mlangoni, mkono begani. "Jumamosi usije. Si vizuri marehemu kuonekana, itachanganya protokali. Kaa Migori mpaka uchaguzi upite."

Chrispine hakurudi Migori. Alienda Kisegi, kwa mama yake. Mama Rispa anauza omena sokoni, na siku hiyo hakuwa ameenda sokoni kwa sababu nyumba ilikuwa imejaa akina mama wa kanisa. Walimwona Chrispine mlangoni, wakamwamkia, wakaendelea kuimba.

"Mama, hawa wananilia na wananiona?"

"Wanajua uko hai. Wanamlilia Kapteni. Wewe wanakuonea tu huruma." Mama alimvuta nyuma ya jikoni. "Ona sukari hiyo waliyoleta. Tangu uende kuwa staa sijawahi kupata sukari kama hiyo. Imebidi ufe."

"Nitaenda kwa polisi."

"Useme nini? Kwamba unazikwa na unakataa?"

"Basi nitabishana nao pale pale kwa kaburi."

"Na Odera ana maikrofoni, wewe una nini?" Mama Rispa alikaa juu ya gunia, akamtazama kijana wake kama anayechagua samaki. "Nyathina, uliniambia umesomea kuigiza. Nikauza ng'ombe. Sasa hawa watu wa ofisi wanakushinda hata kwa kuigiza? Wanaigiza mpaka kaburi, na wewe umekaa unalia! Enda ufanye kazi yako."

Usiku huo Chrispine alimpigia Matiko. Matiko, Mkuria wa kule Isebania, ndiye aliyeshika kamera ya tamthilia, na tangu ivunjike alikuwa anapiga picha za harusi kwa roho nzito.

"Matiko, kipindi cha tano tunakipiga Jumamosi."

"Nani ametoa boti?"

"Hakuna boti. Nitatoka majini kwa miguu."

Matiko alicheka mpaka akakohoa. "Mura, hiyo nakuja hata kwa baiskeli."

Jumamosi ikafika, na lazima Mamlaka isifiwe: mahema yalikuwepo. Hema la waheshimiwa lilikuwa na vitambaa mezani na maji ya chupa. Jeneza lilikuwa la rangi ya bendera ya Mamlaka, na ndani yake yago ililazwa kwenye shati jeupe la Kapteni, kofia yake kichwani, au pale ambapo tunda lingekuwa na kichwa. Watu walijaa hadi kwenye mawe ya ufuo. Walioangalia tamthilia hawakufika hata robo ya wale waliokuja kuomboleza mwisho wake.

Chrispine alikuwa kwenye mafunjo, maji kifuani, sare ya pili ya Kapteni mwilini, pamoja na kofia yake. Mpango ulikuwa rahisi. Hotuba zikiisha, kabla jeneza halijashushwa, atokee. Asiwe amezikwa. Hilo tu ndilo alilolitaka duniani: Jumatatu imkute hajazikwa.

Lakini nani amewahi kuona hotuba zikiisha? Diwani alisema hana mengi, akasema mengi. Naibu wa Mkurugenzi alimkaribisha mwakilishi wa naibu aseme naye. Mtu wa mahema aliomba dakika moja, aeleze mahema yanavyokodishwa. Maji yalianza kumbana Chrispine mbavu. Akafumba macho kidogo, apumzishe meno yaliyokuwa yanagongana.

Alipofumbua, jeneza lilikuwa limeshashuka. Odera alikuwa ameona wingu upande wa Mfangano na akaona watu wakiangalia sufuria badala ya kumwangalia yeye, akaamua kufupisha. Tayari amesimama ukingoni mwa kaburi, koti la suti limefungwa, udongo kiganjani.

"Kama kiongozi," alisema kwenye maikrofoni, "na kama mfiwa wa kwanza, namlaza ndugu yetu." Akatupa udongo. Ulilia juu ya jeneza, *kwii*, na watu wakaguna.

Basi nimezikwa, Chrispine aliwaza ndani ya mafunjo. Jumatatu ni ya Elvis.

Hapo angeweza kurudi Migori akiwa ameloa. Lakini Matiko alikuwa juu ya jiwe, kamera begani, taa nyekundu inawaka, na mwigizaji akiona taa nyekundu hana hiari. Kapteni Dalmas alitoka ziwani, majani shingoni, viatu vinapiga *chwaka chwaka*, akapita katikati ya umati uliomwachia njia wenyewe. Akasimama ng'ambo ya kaburi, akavua kofia, akasema kwa ile sauti nzito ya kipindi cha kwanza:

"Poleni jamani. Tumempoteza nani?"

Hata wapishi waliacha sufuria. Halafu Mama Rispa alipiga kigelegele kilichovuka maji.

Hakuna aliyedhani ni muujiza. Wote walimjua Chrispine, wengine walimfundisha Sunday School. Lakini yago ilikuwa kaburini, mwenyewe alikuwa juu akidondosha maji, na udongo ulikuwa umeshatupwa. Macho yote yalihama kutoka kwa Kapteni yakaenda kwenye kiganja cha Daktari Odera, ambacho kilikuwa bado na vumbi.

"Uuwi," mama mmoja akasema. "Amezika mtu hai."

Mchungaji ndiye aliyesogea kwanza. "Mimi niliomba kwa jumla," alisema. "Sikutaja jina." Diwani akakumbuka gari lake. Hema la waheshimiwa likatoka watu kama mkebe uliotobolewa. Odera akabaki peke yake ukingoni, hata kivuli chake kilikuwa upande wa pili.

"Wananchi, tulieni!" alipaza sauti. "Hii ni tamthilia! Hakuna mtu amekufa! Ni mchezo tu!"

"Kumbe ni mchezo?" Mama Rispa aliuliza, na hakuhitaji maikrofoni. "Sasa ulituita tulie nini?"

"Mama, hii ilikuwa ni… hii ni utamaduni na ubunifu—"

"Chagua moja, Daktari," mvuvi mmoja akadakia. "Kama ni msiba, umezika mtu hai na hutakanyaga boma la mtu hapa mpaka utakaswe. Kama ni mchezo, wewe si mfiwa, na sisi tuko na maswali. Vipindi vilisemwa ishirini na sita. Vingine viko wapi?"

"Na ile boti!" mwingine akasema.

"Na watalii!"

Daktari Odera alitazama kaburi, akatazama umati, akapima pande zote mbili kitaalamu. Halafu akachagua msiba. Alifikiri ni nafuu.

Picha za Matiko zilizunguka kwenye simu za watu kabla vyombo havijaoshwa, kutoka Kisegi mpaka Uriri mpaka mpakani. Jioni hiyo Kapteni alipata watazamaji ambao vipindi vinne havikuwahi kuota. Liz alipiga simu mara moja, hakusema hata hujambo. "Jumatatu saa mbili. Usichelewe. Elvis nimempa mgonjwa wa malaria."

Mkurugenzi naye alianza kujifunza maana ya boma kufungwa. Kwa mwanasiasa wa huku, Jumamosi ni matanga. Asipoingia matangani, atawaona wapi wapiga kura? Alifika Karungu, wenye nyumba wakampelekea chai garini. Alifika Mbita, wakampungia mkono kutoka ndani. Alituma mchango, ukarudishwa na shukrani. Wazee waliambiwa wamtakase, wakasema watakaa kikao, na bado wamekaa.

Ndipo Daktari Odera, mtu wa mikakati, akapata wazo. Kama hawamruhusu kuingia kwa lango, ataingia kwa televisheni. Alikuja mwenyewe Uriri kwenye ile zahanati ya kuigiza, bila dereva, akamwomba Chrispine amsemee kwa Liz. Chrispine, aliyevaa koti jeupe na kifaa cha kusikilizia moyo shingoni, hakumkatalia. Mwigizaji anajua kukosa kazi.

"Kuna nafasi ya mtu kwenye benchi," Liz alisema. "Hasemi kitu. Anangoja kuhudumiwa, basi. Utaweza?"

"Dada, nina shahada tatu."

Wakamketisha. Kamera ikawaka. Odera alitazama saa, akasimama, akaenda moja kwa moja kugonga mlango wa daktari.

"Kata!" Liz akasema. "Mzee, unangoja. Rudia."

Alirudia. Akakaa, akatikisa mguu, akamwita nesi kwa kidole.

"Kata. Hujawahi kungoja huduma kwa ofisi ya watu?"

Daktari Odera alikunja mikono, akatazama saa tena.

Liz akamgeukia Matiko. "Zima kamera, twende tukale. Huyu mwacheni hapo kwa benchi mpaka azoee."