Mlima Niliopanda Siku ya Zamu ya Vyombo

Jumatatu, 3 Machi
Tangazo ubaoni! Ijumaa, sisi tuliosoma ng'ambo muhula uliopita tutasimulia tuliyoyaona, tulinganishwe. Atakayewashinda wenzake ataongoza kundi la mwaka huu. Lazima niwe mimi, nipate kurudi huko. Kwa Mama Mwenyeji, niliyekaa kwake, niliondoka mbiombio, teksi inapiga honi, hata asante sikuisema vizuri. Mama aliyenilisha miezi minne! Roho inanisuta mpaka leo.

Tatizo ni mwenzetu Mihuri. Tumembatiza hivyo kwa sababu pasipoti yake haina tena pa kugonga. Nchi sita! Mimi nilijua njia mbili tu, ya darasani na ya jikoni.

Jumanne, 4 Machi
Dawa yake nimeipata. Nitapanda mlima. Si kwa miguu, kwa mdomo. Mihuri hajapanda hata kichuguu. Nimechagua tarehe 12 Oktoba, tarehe yenye sura ya ukweli. Picha ya kilele nimeazima kwenye kalenda ya kinyozi. Amenisihi niirudishe upesi, maana ndiyo Machi yenyewe.

Jumatano, 5 Machi
Nimemjaribia Dada hotuba. Nilipofika kwenye theluji akauliza nilivaa nini. Sweta, nikasema. Akauliza, lile ulilolisahau huko? Kisha akasema njia ya mwongo ni fupi, akaendelea kupiga pasi. Wivu tu.

Alhamisi, 6 Machi
Nyota ya jaha! Mratibu wa safari amepokea kifurushi changu kutoka kwa Mama Mwenyeji. Nimemwomba akifungue kesho mbele ya watu wote. Waone ninavyopendwa.

Ijumaa, 7 Machi
Mihuri alianza. Makumbusho kumi na moja, vituo vya treni sina idadi. Watu wakapiga miayo. Nikasimama, nikapanda mlima. Msichana wa mbele alishika mdomo! Ningeteremka salama kama si kifurushi.

Ndani, sweta langu, limefuliwa, kiwiko kimeshonwa. Chini yake karatasi ya zamu ya vyombo, ile iliyobandikwa kwenye friji, yenye sahihi yangu kila jioni. Mratibu akasoma taratibu maandishi ya Mama: tarehe 12 Oktoba, asubuhi amenishikia ngazi, mchana amemenya viazi, jioni ameosha vyombo. Ukumbi mzima mbavu hoi. Nilitamani ardhi inimeze.

Halafu akasoma barua.

"Mwanangu, karatasi hii nilitaka kuitupa, mkono ukakataa. Tulikuwa tukiosha huku tunapiga soga. Siku hizi naosha kimya. Asante kwa kukaa nyumbani."

Nililia. Mbele za watu, na kalenda ya kinyozi mkononi. Nikakiri kwamba mlima sikuupanda, na kwamba miezi ile minne sikuhisi ugeni hata siku moja, kwa sababu kulikuwa na mtu ananisubiri na taulo la vyombo begani.

Mihuri alinifuata nje, akaomba aisome barua mwenyewe. Aliisoma mara mbili. "Mwenzangu," akasema, "nchi sita, na hakuna hata mmoja anayejua kama nanywa chai kwa sukari." Nikamsogezea nafasi kwenye benchi.

Jumatatu, 10 Machi
Mratibu amekata shauri. Kiongozi ni Mihuri, ndiye anayejua treni. Mimi msaidizi wake! Kazi yangu kuwatafutia wanafunzi nyumba za kukaa, nikianzia kwa Mama Mwenyeji. Nimemshukuru mpaka akanionyesha mlango. Asante yangu nitaisema palepale kizingitini, na safari hii teksi itasubiri. Namshukuru Mungu, Mama, hata Mihuri. Kinyozi karudishiwa Machi yake. Dada anasema natumai umejifunza. Nimemwambia sana.

Jioni nimejaza fomu ya usaidizi. Nyepesi tu. Swali la saba linauliza kama nimewahi kupanda mlima.

Nimeandika: mara mbili.