Kipunguza sauti, mbuzi wa mama mkwe na suruali yangu

Leo nimeaibika mbele ya mama mkwe. Si aibu ndogo ya kusahau jina la mjomba. Ni aibu ya suruali.

Naandika mwenyewe kwenye hili kundi letu kwa sababu Shukuru, shemeji yangu wa Columbus, ameona sehemu ya mambo kwenye simu, na nasikia ameshaanza kuwapigia ninyi wa Buffalo. Najua anavyosimulia. Ataongeza. Bora mpate yote kutoka kwangu, kisha mniache.

Tuanze na mbuzi.

Mama mkwe, kwa wasiomjua, ni mama yake Furaha, mke wangu. Miaka mitatu sasa anakodi kipande cha shamba chenye nyumba ndogo nje kidogo ya Louisville, nusu saa kwa gari kutoka kwetu South End. Alikuwa na mbuzi kumi na tisa, kila mmoja na jina lake. Mimi hajawahi kuniita kwa jina (kwake mimi ni "yule wa Furaha"), lakini mbuzi wana majina.

Tangu mwezi uliopita koyote wameingia. Koyote ni kama mbweha, ila ni mkubwa kidogo na hana haya. Wamebeba watoto wanne wa mbuzi, mchana kweupe. Wa nne mama alikuwa anamlisha kwa chupa sebuleni kwake. Siku hiyo nilimkuta jikoni amekaa na chupa ya maziwa mkononi, analia bila sauti. Huyu ni mtu aliyekimbia vita kutoka Uvira, Kongo, kwa miguu na hakulia. Akasema, "Bon, nitaziuza zote. Nimechoka kulea chakula ya koyote."

Iliniuma kweli. Na hapo kulikuwa na tatizo lingine. Mwenye shamba ni Bi Carol, nesi mstaafu anayeishi hapo hapo ng'ambo ya uzio, na ana farasi jike mwenye mimba. Farasi huyo akisikia mlio mkubwa anaruka uzio. Mwaka jana aliruka kwa sababu ya fataki akajichana kifua. Kwa hiyo Bi Carol alimwambia mama kwa upole: koyote fanyeni mnavyotaka, lakini bunduki isilie karibu na farasi wangu. Akisema mama aondoke, mbuzi hawana pa kwenda.

Ndipo nikafungua mdomo.

"Mama," nikasema, "kuna kitu wanafunga mbele ya bunduki. Sauti inaisha kabisa. Farasi hatajua."

Mama akanitazama. "Weye unajua bunduki?"

"Najua."

(Sijui. Maisha yangu yote bunduki nimezijua kwa kuzikimbia.)

Kazini ghalani kuna mzee mmoja anaitwa Randy, tunaendesha foklifti zamu moja. Anawinda koyote tangu kijana. Nikamweleza shida ya mama, akakubali kuja na bunduki yake. Kile kitu anacho pia, tena viwili. Huku kukimiliki ni makaratasi ya serikali, alama za vidole na kusubiri, kwa hiyo tungetumia cha kwake na yeye mwenyewe akiwepo. (Ninyi wa Buffalo, jimbo lenu halikiruhusu kabisa, kwa hiyo msianze kuniuliza bei.) Mimi nikakata leseni ya kuwinda, na kwa wiki tatu nikaangalia video kila siku ya Mungu. Mwisho wa wiki ya tatu nilikuwa mtaalamu. Furaha ni shahidi. Alikuwa ananiambia nizime, watoto walale.

Leo asubuhi tukakutana shambani. Randy akaweka vile vitu viwili juu ya mlango wa nyuma wa gari lake, alioushusha kama meza. Vyote ni kama mabomba meusi. Kimoja kifupi na chepesi, kingine kirefu na kizito.

"Kifupi ni kwa mtu anayetembea sana porini," akasema. "Bunduki haikuchoshi na haikwami kwenye vichaka. Kirefu kinapunguza sauti zaidi, lakini mbele kunakuwa kuzito. Vyote vinaendana na risasi hii. Chagua."

"Kirefu," nikasema, kwa sababu ya farasi. Sikukosea hapo. Naomba liandikwe kwamba hapo sikukosea.

Akakifunga mwenyewe, akakiangalia kimenyooka, akakaza. Akaniambia kikikaa upande risasi inaweza kukigonga ndani. Akaniambia pia kwamba kukiongeza kunabadilisha mahali risasi inapopiga, donc lazima tujaribu kwanza kwenye shabaha kabla ya kumngoja koyote. Kisha akanipa vifuniko vya masikio.

"Vya nini?" nikauliza. "Si tumefunga kizuia sauti?"

"Kipunguza," akasema Randy. "Kinapunguza tu. Risasi yenyewe ikipasua hewa bado inalia. Vaa."

Nikavaa. Vilikuwa vya kizamani, vizito, vinaziba kila kitu. Tangu hapo Randy alipoongea niliona mdomo tu.

Shabaha tuliiweka chini ya kilima, upande ambao hakuna nyumba wala mnyama. Mama alikuwa amesimama barazani amevaa vitenge viwili, simu mkononi. Bi Carol alikuwa kwenye uzio, ameshika kamba ya farasi, uso umekaza. Nilijua wote wawili wananitazama. Nililala chini, nikaweka jicho kwenye darubini, nikavuta pumzi, nikafyatua.

Ikalia pah, kama mtu amepiga ubao juu ya meza. Haikuwa kimya kama kwenye sinema. Lakini nikageuka kumtazama farasi. Akainua kichwa. Akatega masikio. Akarudi kwenye majani yake.

Bi Carol akainua kidole gumba. Na mama mkwe, jamani, mama mkwe akatingisha kichwa taratibu, kile kichwa cha mtu anayesema kumbe. Miaka kumi na moja ya ndoa sijawahi kupewa kile kichwa.

Hapo ndipo nilipoharibikiwa.

Kabla sijavaa vile vifuniko Randy alikuwa amesema risasi tano zinatosha. Nilipiga tano. Zilikuwa zinapiga karibu karibu, akarekebisha darubini. Nikaomba tano nyingine. Nikapewa. Nikaomba nyingine tena. Nilikuwa napiga harakaharaka, nikimaliza kila moja nachungulia barazani kama kile kichwa kinatingishika bado. Sikumbuki nilifika ngapi. Randy aliponigusa bega nilijua imetosha.

Akatoa risasi zote, akafungua bunduki, akachungulia ndani kuhakikisha iko tupu. Kisha akaongea. Mdomo wake ulisogea kwa muda, akaonyesha lile bomba kwa kidole, akaonyesha gari lake, akanitazama kwa kuuliza.

Mimi nikaitikia kwa kichwa. "Yes, sir."

(Msinihukumu. Wote tunafanya hivyo. Kwa daktari mnaitikia, shuleni kwa watoto mnaitikia. Baadaye nilikuja kujua alichosema: "Sasa hilo bomba lina moto kama jiko, usiliguse, kuna kitambaa chake kwenye gari, nenda ukilete.")

Nikachukua bunduki nikaitundika begani kwa mkanda wake, mdomo ukitazama chini, kama nilivyoona kwenye video. Mimi si mrefu. Lile bomba refu nililolichagua likashuka likakaa nyuma yangu, pale pale ambapo suruali inabana mtu anapotembea. Na suruali ilikuwa trakisuti. Mpya. Ile laini ya kung'aa, ndani nimevaa nyingine ya kuzuia baridi.

Nikavua vifuniko vya masikio, nikatembea kuelekea barazani, polepole, mtu aliyemaliza kazi. Nilitaka nisikie mama atasema nini. Kweli akasema.

"Asante, Bahati."

Jina langu. Nikasimama. Sikujua niweke wapi mikono. Nikasimama hapo muda mrefu, natabasamu kama mtu anayepigwa picha, na lile bomba nalo limetulia pale lilipo.

Kisha nikasikia harufu. Kama plastiki inayoungua.

"Mama," nikasema kwa heshima, "nafikiri sufuria yako inaungua."

Mama akaingia ndani. Akarudi akiwa amekunja uso. "Sufuria yangu iko muzuri. Sijaunguza sufuria tangu niko binti."

"Lakini harufu, mama..."

"Harufu inatoka kwako."

Suruali ya pili, ile ya ndani, ilikuwa imenilinda mpaka dakika hiyo. Dakika hiyo ikashindwa.

Sitaandika nilivyopiga kelele. Mnaijua sauti yangu ya kwaya. Ongezeni. Nilivua bunduki begani nikaiweka chini (vizuri, hata Randy amekiri) kisha nikaanza kuzunguka nikijipiga makalio kwa mikono miwili. Farasi wa Bi Carol, yule aliyevumilia risasi zote zile, alinitazama mara moja akang'oa kamba mikononi mwa mwenye farasi na kupita uzio kama haupo. Mbuzi wakapitia tundu aliloliacha farasi kwenye uzio. Kumi na tano, wote, na majina yao.

Nami nikamkimbilia farasi, kwa sababu akili iliniambia farasi ndiye tatizo. Nilipowapita watu wote mgongo wangu ukiwa kwao, nikahisi upepo. Upepo wa baridi, mahali ambapo mtu mzima hatakiwi kuhisi upepo mbele ya mama mkwe.

Nikapeleka mkono. Tundu. Kubwa kama sahani ya chai. Suruali zote mbili, na za ndani zaidi nazo zilikuwa zimeanza safari.

Nikageuka. Mama alikuwa amejifunika macho kwa kiganja. Ninyi mliokulia kwetu mnajua maana yake. Kwetu mkwe hakai kiti kimoja na mama wa mke wake. Wala hali chakula akimtazama. Na mimi nimemwonyesha yote hayo, shambani, saa nne asubuhi, jua limewaka. Mkono wake mwingine bado umeshika simu, na kwenye simu nasikia Shukuru kutoka Columbus: "Mama, geuza kamera, sioni vizuri."

Nilikaa kwenye majani. Nikaruka. Nikalala kifudifudi.

Nikiwa chini nikasikia kitambaa kinatua mgongoni. Ni kitenge cha juu cha mama. Amekitupa bila kufungua macho.

"Jifunge," akasema.

Bi Carol alikuja na mpira wa maji. Alikuwa nesi miaka mingi, hana aibu na mwili wa mtu. Akasema kidonda cha moto ni maji ya baridi yanayotiririka, dakika ishirini, hakuna mafuta, hakuna dawa ya meno. Dakika ishirini hizo nimeegemea hori la mbuzi, kitenge cha maua mekundu kimepandishwa upande mmoja, mwanamke wa kizungu ananimwagilia kama bustani. Nilimwomba msamaha kwa ajili ya farasi.

"Yuko kwa jirani, anakula maboga yao," akasema. "Hajaumia. Wewe ndiye umeumia. Usitingishike."

Randy hakuweza kusaidia. Alikuwa amepiga magoti karibu na gari lake ameshika kofia usoni, mabega yanatetemeka. Alipoweza kuongea akaja akasema, "Si nilikuambia lina moto? Ukasema yes, sir."

"Sikusikia."

"Sasa kwa nini ulisema ndiyo?"

Maji yalikuwa baridi sana.

Mbuzi tuliwapata wote. Yaani wao waliwapata. Mama na Randy walizunguka mashamba mawili wakiita, mama anaita kwa majina, Randy anarudia majina vibaya, na mbuzi wanakuja. Mimi nilibaki kwenye hori. Bi Carol alinifunika kidonda akanipeleka nyumbani nimelala kwenye kiti cha nyuma cha gari lake, nimevaa kitenge, tumepita taa zote za South End nikiomba zisiwe nyekundu.

Jioni Furaha akarudi kutoka kazini, amepitia kwa mama, akiwa na habari. Randy alibaki shambani. Saa nane koyote alitoka kwenye kichaka kile kile, akamfuata mbuzi mdogo, na Randy akampiga risasi moja. Farasi alikuwa amesharudishwa. Hakuacha hata kutafuna. Bi Carol amesema Randy aje wakati wowote anaotaka, na mama hauzi mbuzi tena. Usiku wa leo anapika, na Randy amealikwa.

"Na mimi?" nikauliza.

Furaha akakaa ukingoni mwa kitanda. Alikuwa anajitahidi, nawaambia ukweli, uso wake ulikuwa unajitahidi sana.

"Mama anasema pole. Anasema ulitaka kumsaidia na ameona." Akatazama ukutani. "Ameona sana."

"Furaha."

"Anasema pia kile kitenge usimrudishie. Kifue, ukiweke wewe, na mbele yake kisitajwe."

Basi. Ndivyo ilivyokuwa, hakuna kilichofichwa. Shukuru akiwaambia kwamba nililia, ni kweli, ila ilikuwa maji. Watakaotaka kuja kunipa pole waje, lakini wasiulize nimeumia wapi mbele ya watoto.

Kesho ni Jumapili na mimi siwezi kukaa. Nitasimama ibada yote, kuanzia wimbo wa kwanza hadi matangazo. Pasta ataona, atafikiri Roho amenigusa. Nawaomba kama ndugu, mwacheni afikiri hivyo.